Kiti Kikilia, Ni Chako

Mama Randa, fundi seremala, aliachiwa na marehemu mumewe karakana na ufundi wa viti visivyopigwa msumari. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliitamani karakana hiyo iwe ghala lake. Mbele ya ukoo wakakubaliana: maonyesho ya biashara yakiisha bila mteja wa maana, Mama Randa atoke.

Na siku ya mwisho ndiyo hii. Banda lake limesukumwa nyuma ya wauza simu wenye vipaza sauti, na watu wanapita kama hawana macho.

Mama Randa akakaza kilemba, akasogeza kiti mbele.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wapita njia wawili, kwa mazoea tu.

"Mwanangu ana miguu minne, hatembei, na kulia hajui. Atakayemliza, amchukue bure!"

"Kiti hicho!"

"Haya, njoo umlize!"

Mpakia mizigo mmoja akajitupa, akajibembeza mpaka jasho likamtoka. Kimya. Watu wakacheka, wakajaa. Shemeji naye akapenya.

"Shemeji, hii biashara au sarakasi?"

"Kaa, shemeji. Au unaogopa mbao?"

Akajibwaga. Kwii!

"Kimelia!" akaruka. "Mmesikia wote. Mchezo umekwisha, na karakana pia!"

Mama Randa akatazama chini. Akakanyaga sakafu ya banda kwa kisigino. Kwii!

"Kumbe mlizi ni huyu! Hii mibao ya maonyesho sikuipigilia mimi."

Akabeba kiti, akakitua katikati ya njia, penye zege. Msimamizi wa maonyesho akaja mbio.

"Mama, marufuku kuvuka mstari! Nitalifunga banda."

"Lifunge, mwanangu, banda ni lenu. Kiti ni changu, na kimesingiziwa. Sitoki hapa mpaka huyu akae tena."

"Akae! Akae!" umati ukadakia. Msimamizi akasogea kando, naye aone.

Shemeji akakaa. Akajirusha huku, akajirusha kule, shati likamchomoka. Kiti kimya, kama kimekatazwa kusema.

Mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe, aliyechoka kununua viti vya plastiki kila mwaka, akasogea mbele. "Fundi, nataka vya kujaza ukumbi wangu wote. Unaanza lini?"

"Kesho asubuhi. Palepale karakanani kwangu."

Shemeji bado anajitikisa. Mama Randa akamgusa bega.

"Inuka, shemeji. Mteja anataka kukaa."