Orodha Iliyokatika

Wolfgang, aliyekuwa mganga wa zahanati ya misheni kule Nambis, alipofariki, mjane wake Mectilda alisubiri msiba uishe na wageni watawanyike. Ndipo akamwita Philomena Sulle chumbani. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la mbao.

"Shikamoo, mama," Philomena alisema kwa mara ya pili siku ile, maana hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, mwanangu. Hili alisema upewe wewe. Wewe ndiye unayefundisha mambo haya."

Ndani ya sanduku mlikuwa na kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, ile ambayo mashine nzima imo ndani ya kibodi nene ya rangi ya udongo. Kando yake kulikuwa na mashine nzito ya kusomea disketi, na disketi moja pana, laini, imevishwa bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha Wolfgang alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: MAKABURI 1989.

Philomena hakuhitaji maelezo. Mwaka ule ndio aliozaliwa. Uzazi wa mama yake, Marieta, ulikuwa umekwama, na baba yake Alfredi akampeleka hospitali ya Haydom. Mtoto wao wa kwanza, Maximilian, mwenye miaka minne, walimwacha kwa bibi yake. Surua ikapita Nambis wakati wa masika, barabara imekatika kwa mvua. Marieta aliporudi baada ya wiki tatu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, alikuta mtoto wake mkubwa ameshazikwa, pamoja na wengine wengi, kwenye mteremko wa nyuma ya zahanati. Bibi hakuruhusiwa kwenda kaburini, kwa kuwa watu walikatazwa kukusanyika. Misalaba ya miti ililiwa na mchwa. Daftari la maziko liliharibika siku upepo ulipoezua paa la zahanati. Yalibaki mawe, moja kwenye kichwa cha kila kaburi, safu kwa safu, bila jina.

Wolfgang alikuwa amenakili daftari lile kwenye kompyuta aliyoachiwa na wageni waliorudi kwao. Lakini disketi ilipotakiwa, ilitoa majina machache kisha ikagoma. Baadaye jenereta la zahanati nalo likafa. Kila alipokutana na Marieta kanisani, mganga yule alimwambia neno lilelile: "Yumo humo ndani, mama. Ila hapafunguki." Alimwambia hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Philomena alilipakata sanduku ndani ya basi, kutoka Mbulu mpaka Endasak, alikokuwa akifundisha kompyuta shule ya sekondari.

Mwalimu wa fizikia, Mwita, mtu wa Tarime asiyependa kuona kitu kibovu kikiachwa, alisafisha kichwa cha mashine ya disketi kwa pamba na spiriti. Disketi yenyewe ilikuwa imeota ukungu; aliifuta taratibu, upande kwa upande, kama anayemfuta mtu kidonda. Kulikuwa na kundi la watu mtandaoni, wa nchi mbalimbali, wanaozipenda kompyuta hizo za kale. Mmoja wao aliwatumia kwa posta kifaa kidogo cha kuunganisha mashine ile na laptopu. Wiki ya tatu walifaulu kuhamisha kila kitu kilichokuwa kwenye disketi. Mwita akatengeneza kopi tatu.

"Sasa tunaingia ndani kwa programu gani, Madam?" aliuliza.

Walikuwa wamepata mbili za kuhariri disketi. Ya kwanza ilifanya kazi yenyewe: ukiipa disketi mbovu, inakagua, inaunga palipokatika, inakurudishia faili nzima. Mwita aliipa jina la Fundi. Ya pili haikutengeneza chochote. Ilikuonyesha tu yaliyomo, kipande kimoja baada ya kingine, namba upande wa kushoto na herufi upande wa kulia, na kazi ya kuelewa ilikuwa juu yako. Hiyo waliiita Dirisha. Watu wa kundi walikuwa wameomba jambo moja tu badala ya msaada wao: walimu wale wazilinganishe programu hizo mbili na kuandika ipi inafaa.

Walianza na Fundi. Haikuchukua dakika moja. Ikaandika kwamba imekuta mahali pamoja palipoharibika na imeshapatengeneza. Orodha ikafunguka, mistari yote ya urefu mmoja, kama Wolfgang alivyozoea kuandika. Philomena aliteremsha macho mpaka akakuta:

MAXIMILIAN SULLE, MIAKA 4, SURUA, MSTARI WA 3, JIWE LA 2.

Aliinuka kwenye kiti, akatoka nje. Mwita alimkuta uwanjani ameshika simu, analia, mama yake akiita "haloo, haloo" upande wa pili.

Jumapili iliyofuata Marieta alipiga magoti kwenye mstari wa tatu, jiwe la pili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na moja, na Philomena hakuwa amewahi kumwona akilia kwa sauti, hata alipomzika mumewe. Siku ile alilia mpaka akakosa nguvu. Aliongea na jiwe kwa Kiiraqw, akaomba radhi kwa kuchelewa barabarani. Kisha akapanda maua meupe aliyoyang'oa mlangoni kwake, akayamwagilia kwa chupa ya maji ya kunywa. Walirudi nyumbani polepole. Njiani alisema kwamba sasa anaweza kufa.

Siku tisa baadaye Philomena aliketi kwenye maabara ya kompyuta, saa kumi jioni, wanafunzi wako kwenye shamba la shule. Alitaka kumaliza ile taarifa ya kulinganisha. Upande wa Fundi alikuwa ameshaandika: ni ya haraka, ni rahisi, mtu yeyote anaweza. Ili aitendee haki Dirisha, akafungua kopi ambayo haijaguswa, aifuate orodha ileile kwa mkono.

Katika disketi za namna ile, kila kipande huanza na namba mbili: duara gani, na kipande gani cha duara hilo, ndiko maandishi yanakoendelea. Philomena alifuata kipande baada ya kipande, kidole kwenye kioo. Akafika kwa kaka yake. Kipande kiliishia hivi: MAXIMILIAN SULLE, MIAKA 4, SURUA, MSTARI WA. Hapo kikakatika. Akatazama namba mbili za mwanzo ili ajue kinachofuata. Duara la 17, kipande cha 35.

Duara la 17 halina kipande cha 35. Vinaishia cha ishirini.

Akafungua faili iliyotengenezwa na Fundi, akatafuta jina la Maximilian, na safari hii akasoma mstari uliofuata. Miaka 74. Uliofuata: miaka 62. Uliofuata: mwaka 1986. Wote walikuwa wazee, waliokufa miaka mitatu kabla ya surua. Fundi ilipokuta njia imekatika, ilichukua kipande kilichofanana na kukiunga hapo. Kilitoka kwenye orodha nyingine ya Wolfgang, ya zamani, iliyofutwa lakini haikutoka kwenye disketi. Na kwa kuwa mganga yule aliandika mistari yote kwa urefu mmoja, orodha mbili zilikatika mahali pamoja, zikaungana bila kuonyesha mshono. Akakitafuta kwa Dirisha kipande kilichotangulia cha orodha hiyo ya zamani; kiliishia JULIUS, MIAKA 70, PUMU, MSTARI WA. "3, JIWE LA 2" lilikuwa kaburi lake.

Mwita alipoingia alimkuta amekaa mikono mapajani.

"Nimempeleka mama yangu kwenye kaburi la mtu baki," Philomena alisema.

Mwita alivuta kiti, akasoma kwenye kioo, akasoma tena. "Programu ndiyo iliyokosea, Madam."

"Ilikosea. Lakini mimi sikusoma mstari mmoja zaidi. Mmoja tu, Mwita. Niliona jina nikakimbilia simu."

Kisha Philomena akasogeza kiti. Walifungua duara la 17, kipande kwa kipande, kuanzia sifuri. Vingine vilikuwa vitupu, vingine vilikuwa hesabu za dawa. Kwenye kipande cha tatu wakakuta maandishi yaliyoanza katikati ya sentensi:

5, JIWE LA 4. PAMOJA NA MTOTO WA KIKE WA AKONAAY, SIKU 19. SHUKA MOJA.

Mstari uliofuata ulikuwa wa mtoto mwingine wa surua, mwezi uleule, mwaka uleule. Mwita aliandika namba 35 na namba 3 kwenye karatasi kwa lugha ya mashine, ya sifuri na moja, namba moja chini ya nyingine. Zilitofautiana mahali pamoja tu. Kitone kimoja cha disketi kilikuwa kimegeuka, pengine kwa ukungu, pengine kwa miaka. Walikagua disketi nzima mpaka jua likashuka nyuma ya mlima Hanang: hakuna kipande kingine kilichoelekeza pale. Kipande kimoja tu ndicho kilichokuwa kimepoteza njia ya kufika hapo, nacho ndicho kilichobeba jina la Maximilian.

Jumamosi Philomena alikwenda Nambis. Hakutaka kulisema kwenye simu. Alimkuta mama yake akipepeta maharage uani, akamsalimu, akaketi chini, akaeleza yote bila kujitetea. Marieta aliendelea kupepeta kwa kitambo, halafu ungo ukasimama.

"Yule niliyemlilia ni nani?"

"Mzee mmoja anaitwa Julius. Alikufa kwa pumu."

"Ana watu?"

"Sijui, mama."

Marieta aliweka ungo chini. Hasira ilimpanda usoni, Philomena akaiona, akaingoja. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Na safari hii? Umesoma unaofuata?"

"Nimesoma yote. Mara nne. Mwalimu Mwita naye amesoma peke yake, bila mimi." Akatoa karatasi, akausoma mstari wa kaka yake, na wa kabla yake, na wa baada yake. Alipofika kwenye "mtoto wa kike wa Akonaay", mama yake alimshika mkono.

"Akonaay wa ng'ambo ya kijito?"

"Orodha haisemi."

"Ni yeye. Mkewe alijifungua wiki chache kabla yangu. Alikufa akiuliza, yule mama. Kila mwaka aliuliza." Akasimama, akakung'uta kanga. "Kwanza tunaenda kwake. Siendi mlimani peke yangu tena."

Mzee Akonaay alikuwa na miaka themanini na ushee, na alisikia kwa sikio moja tu. Philomena alipiga goti kidogo, akasema shikamoo kwa sauti, kisha Marieta akaeleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za disketi wala programu. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani.

Kupanda mteremko kuliwachukua saa nzima. Kwenye mstari wa tatu Marieta alisimama, akamwaga maji kidogo kwenye maua meupe ya Julius, akaendelea. Philomena alihesabu safu kwa sauti, mara mbili kutoka chini, mara moja kutoka juu. Mstari wa tano. Jiwe la nne lilikuwa dogo, limezama nusu, limeota kuvu upande mmoja. Marieta aliinama akalifuta kwa kiganja. Hakulia kama siku ile ya kwanza. Alitamka jina la mtoto wake, basi.

"Hapo kwenye karatasi pameandikwa nini tena?" Akonaay aliuliza. "Nisomee mwisho wake."

"Shuka moja," Philomena alisema karibu na sikio lake.

Mzee alitikisa kichwa taratibu.

"Ni langu. Nililileta mpaka mlangoni pa zahanati. Mganga alitoka akaniambia, mzee, mashuka yamekwisha, kuna mtoto mwingine hana, hili litawatosha wawili? Nikamwambia litatosha. Nyumbani nilikuwa na wagonjwa wengine, nikageuka nikaondoka." Akamtazama Marieta. "Sikuuliza mwingine ni wa nani."

Marieta alisogea kando ya jiwe, akampisha nafasi, na yule mzee akashuka kwa shida, goti moja, kisha la pili, akiwa amemshika Marieta bega. Philomena alirudi nyuma hatua kadhaa, karatasi mkononi, akawaacha.

"Alikuwa hajabatizwa," Akonaay alisema baadaye, bado amepiga magoti. "Mama yake alimwita Evaline. Nyumbani tu. Haikuandikwa popote."

"Ungependa liandikwe, baba?" Philomena aliuliza.

"Kwenye hiyo mashine?"

Philomena alifikiri. "Hapana. Ile nitaiacha kama mganga alivyoiacha. Hapa, kwenye jiwe."

Mwezi uliofuata fundi wa saruji alichonga majina mawili, Maximilian na Evaline, kwenye jiwe jipya lililowekwa mbele ya lile la zamani. Taarifa ya kulinganisha ilikwenda kwa watu wa kundi kabla ya hapo. Philomena hakuandika kwamba Fundi ni mbaya. Aliandika ilichofanya, na alichofanya yeye. Akawashauri watakaoitumia wailinganishe na disketi yenyewe kabla ya kumwambia mtu yeyote chochote. Kisha akafungua Dirisha, akaanza kunakili kwa mkono majina mengine ya orodha, jina na mstari na jiwe. Ndani ya Nambis kulikuwa bado na watu waliokuwa wakiuliza.