Jumapili ya Magogo Matatu

Jumapili ile sikuwa na haki ya kusimama mbele ya watu. Mimi ndiye katekista wa kigango chetu, huku vijijini Goweko, na padri huja mara moja tu kwa mwezi. Wiki nyingine zote ibada ni yangu. Bani ya kukaushia tumbaku nayo ni yangu, ilikuwa imejaa majani mpaka juu, na moto wake haujui Jumapili wala Kwaresima.

Kwa miaka mingi tumesaidiana na jirani yangu Nassibu. Ijumaa akienda msikitini, mimi nakaa kwenye moto wake. Jumapili nikienda kanisani, yeye anakaa kwenye wangu. Safari hii alikuwa amekwenda Tabora mjini kuwanunulia watoto nguo za Idi, na mke wangu Apolinaria alikuwa msibani Puge. Kabla ya kuondoka Nassibu alinionya nipunguze moto, nikubali majani yakawie siku moja. Lakini yakikawia rangi inaharibika na bei inashuka, na mimi rangi ile nilishaiona imegeuka mabati mapya juu ya nyumba yangu. Nikasukumia tanurini magogo matatu mazima, yanitoshe mpaka baada ya ibada.

Mama yangu, Josepha, nilimwacha kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa bani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na miguu yake, ambayo haimbebi tena, inapenda joto lile. Nikamfunika blanketi, nikamwomba autazame moto. Akanijibu kwamba yeye ni wa kuota moto, si wa kuulinda.

Hofu ilinishika tangu wimbo wa mwanzo. Jani moja tu likidondoka kutoka kwenye ufito linakoning'inia, likaangukia bomba la moto linalopita chini, bani nzima imekwisha. Nimeona za wenzangu. Nilisoma somo macho yakiwa dirishani. Jasho lilinitoka na huku watu wamevaa makoti. Mahubiri yenyewe, niliyoyaandaa kwa mkono wangu, yalihusu mtu anayekumbatia mali mpaka mikono yake inakosa nafasi ya kumshika Mungu. Niliyasema vizuri, nisijisifu. Mzee Modest, mwenyekiti wetu, alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na mimi moyoni nawaza fito zangu.

Tulipofika kwenye maombi nikaona moshi. Moshi wa bani naujua, ni mweupe na mwembamba. Huu ulikuwa mweusi, unapanda kwa haraka juu ya migomba. Niliogopa bani iungue, na niliogopa vilevile watu wanione nikikimbilia mali baada ya maneno yale. Nikajikaza, nikasoma ombi moja zaidi. Kisha nikatupa kitabu.

Nilikimbia kwenye matope nikipiga kelele njia nzima kwamba tumbaku yangu inaungua, watu waje, tumbaku yangu. Kigango kizima kilinifuata.

Paa lilikuwa limeshika. Nikauvamia mlango wa bani na kuufungua, kosa ambalo hata mtoto wa mkulima halifanyi. Upepo ukaingia na moto ukatoka kunilaki. Nikarudi nyuma, nikawa nazunguka pale, nalia na kuita tumbaku. Modest akanishika bega.

"Katekista," akasema, "mama yuko wapi?"

Jamani, sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimepita mbio palepale nilipomwacha, na sikuwa nimetazama. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa umeanguka, na mguu wa kigoda ulichomoza chini ya matofali. Nikaanza kufukua matofali ya moto kwa mikono, wenzangu wakinivuta, na sauti yangu ya kuhubiria haikutoka kabisa.

Mwanakwaya mmoja ndiye aliyemwona. Mama alikuwa ndani ya mahindi, hatua chache tu nyuma ya bani, amelala kifudifudi. Blanketi lilikuwa limebaki njiani na viwiko vyake vimechubuka kwa kutambaa. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamgeuza. Nikamuuliza kwa nini hakuita, na sisi wote tulikuwa karibu.

Alinitazama bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko moto.

"Nilikusikia unakuja, baba," akasema. "Ulikuwa unaita tumbaku. Nikasema, ngoja, akimaliza ataniita na mimi."

Watu wa kigango walikuwa wametuzunguka, vitabu vya nyimbo bado viko mikononi. Nyuma yangu nikasikia paa la bani linaanguka na fito zote. Sikugeuka. Niliogopa mama asije akaona kwamba nilitaka kugeuka.