Maziwa ya Mwana wa Mfalme

Tulikuwa wanawake wanne wazima, tumeajiriwa kubembeza mtoto mmoja asiyemshinda bata kwa uzito. Mrithi huyo wa mfalme alikuwa na susu mbili, vitanda vya kubembea: ndogo ya kulalia, na kubwa ya kuonyeshwa watu, yenye dhahabu na mapazia ya mawaridi ya Tudor, nembo ya ukoo wa mfalme. Mabwana waliokuja kumwona waliipigia goti ile kubwa hata mtoto akiwa chumba cha ndani ananyonya.

"Pua ya baba yake kabisa!" mmoja aliusifia mto mtupu.

Ningecheka, lakini kucheka hakukuwa katika kazi yangu.

Aliyemnyonyesha ni Thomasin, mke wa fundi mapipa kule Kingston. Hakuomba kazi hiyo. Watu wa mfalme wakiyapenda maziwa yako, huna la kusema. Kitoto chake mwenyewe, Alys, alimwachia wifi yake amlee kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya ng'ombe.

Daktari Pell alisimama mezani kila Thomasin alipokula, akionja kabla yake kama nzi. Alishikilia, na kasri zima lilishikilia, kwamba moyo wa mnyonyeshaji huingia kwenye maziwa: akikasirika mtoto ashikwe na degedege, akihuzunika mtoto anyong'onyee. Basi Thomasin alilishwa jogoo wa kuchoma, akapigiwa kinanda, akakatazwa kulia.

Kila Jumapili aliniuliza, "Shoga, hawajaja watu wa kwetu na habari ya Alys?"

Nami nilikwenda kumuuliza Bibi Ursula, mkuu wa chumba cha mtoto.

"Mzima, amenenepa," Bibi Ursula alinijibu bila kuinua macho. "Mwambie ale."

Nilimwambia. Thomasin alicheka, akala.

Kisha wakaja wajumbe wa nchi za nje, na safari hii walitaka kumwona mtoto mwenyewe. Akalazwa kwenye susu kubwa, katika ukumbi wenye baridi ya kugandisha mate, huku wale wapumbavu wakipokezana hotuba. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Bibi, nimchukue anyonye," Thomasin alisihi.

"Balozi hajamaliza. Nyamaza!"

Kufikia jioni alikuwa anakohoa. Siku chache baadaye, asubuhi, akakataa titi, na kabla ya adhuhuri akafa. Mfalme wa kesho, na hata jino hakuota.

Mabwana walilia kwa zamu, kila mmoja akiangalia nani anamwona. Machozi yalipokauka wakaanza kugombana nani atembee karibu na jeneza. Daktari Pell alitafuta wa kumtwisha lawama, akamgeukia Thomasin.

"Ulilia wewe? Sema kweli!"

"Sikulia, Bwana. Mlinikataza, nikatii."

Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa. Maziwa hayajui msiba. Alinivuta pembeni, aibu na furaha zikigombana usoni pake.

"Mungu anisamehe, Jennet, mwenzangu. Mtoto wa watu kafa, nami nawaza nyumbani tu. Alys atanyonya leo hii."

Alikuwa anafunga kifurushi chake Bibi Ursula alipoingia.

"Usijisumbue kukimbia. Mwanao alizikwa zamani, kabla ya Kwaresima. Mumeo alikuja na habari, tukamrudisha langoni. Ungehuzunika, na mtoto alikuwa ananyonya."

Thomasin alianza kukifungua tena kifurushi, fundo kwa fundo.

"Sasa unaweza kulia," Bibi Ursula alisema, kama anayempa ruhusa ya kwenda sokoni.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Thomasin alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia, mimi niliyezika wanangu wawili. Kule ukumbini mabwana waliacha ugomvi wao, wakavua kofia.

"Sikieni," mmoja alisema, "jinsi alivyompenda mwana wa mfalme."