Kitufe Kisichojua Jina Lake

Kanyere alikuwa ameyakariri masomo ya informatique, yaani ya kompyuta, kama rozari. Umuulize matériel ni nini, atakujibu bila kupepesa: sehemu za kompyuta zinazoshikika kwa mkono. Umuulize logiciel: maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Kuelewa lilikuwa jambo jingine, na hakuna aliyemdai hilo. Ila baba yake alikwishatuma neno kutoka Butembo: akianguka mtihani huu wa ukarani katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, kama alivyoanguka ule uliopita, arudi nyumbani wakalime. Na Kanyere, tuseme ukweli, jembe hakulipenda.

Alijifunzia kwenye kituo kidogo cha mafunzo cha mtaa wa Murara, chenye kompyuta moja tu iliyonunuliwa sokoni Birere. Kibodi yake ilipangwa Kiingereza, na ofisi za Himbi hutumia ya Kifaransa, ambayo A yake hukaa mahali pa Q. Basi mwalimu wao, Papa Wenceslas, mtu mwema asiyekubali kushindwa na kitu, alichukua kisu cha jikoni, akabandua vitufe na kuvipanga upya Kifaransa. Alipomaliza alijipongeza kwa soda.

Kanyere akaketi kufanya zoezi. Akabonyeza A. Ikatokea Q. Akabonyeza tena, polepole, kwa adabu. Q.

«Hii mashini iko na kichwa nguvu,» alisema Papa Wenceslas, soda imemtumbukia nyongo. «Tutairudisha Birere. Kesho mutaenda mu mtihani hivi hivi, Mungu iko.»

Wanafunzi wenzake wakakusanya mikoba yao. Kanyere aliliona jembe waziwazi, limeegemea ukuta wa baba yake. Lakini kulikuwa na kitu kilichomwasha kuliko hofu.

«Papa, uniachie mashini kidogo. Nataka kuangalia tu.»

Akakibandua kitufe cha A, akakigeuza. Nyuma hakikuandikwa kitu. Chini yake palikuwa na kijimpira laini, basi. Akabandua Q: kijimpira kilekile. Akabandua M: pacha wao.

«Sasa nani anaambiaka mashini kama hii ni A?»

Badala ya kumkaripia, Papa Wenceslas aliinama naye.

Kama kitufe chenyewe hakijui jina lake, Kanyere alifikiri, basi kuna anayekipa jina huko ndani. Akaanza kupekua skrini pembe kwa pembe. Chini, karibu na saa, palikuwa na herufi ENG. Alikuwa akiziona kila siku, wala hajawahi kujiuliza zinafanya nini pale. Akabofya. Ikajitokeza FRA, akaichagua. Akarudisha vitufe mahali pake, akabonyeza A.

Ikaja A! Alipiga kelele hadi muuza makaa wa jirani akaja kuchungulia.

«Kumbe nilibadirisha bibao ya majina ku nyumba,» Papa Wenceslas alisema huku akicheka hadi machozi, «na batu ya ndani ni bale bale!»

Mchana wote uliobaki walifanya zoezi kwa zamu.

Kesho yake, Himbi, aliyewahoji alikuwa mkuu wa ofisi, Mama Marie-Louise, mwanamke wa maneno machache. «Tofauti ya matériel na logiciel?»

Maneno ya darasani yalikuja yenyewe ulimini, yamejipanga. Kanyere akayameza.

«Mama, naomba kugusa kibodi yako.»

Akabonyeza A, ikaja A. Akabofya pembeni, akaondoa FRA, akaweka ENG. «Sasa wewe mwenyewe, Mama, fanya A.»

Ikaja Q.

«Kitufe ni kile kile, na kidole ni yako. Ile ni matériel. Ile yenye ilibadirika, mutu hawezi kuishika na mukono. Ni yenyewe logiciel.»

Mama Marie-Louise akavua miwani, akabonyeza A tena, na tena. Kanyere alikuwa ameyaacha maneno ya kitabu, na sasa hakuwa na pa kujishikia. Nje ya mlango mwombaji aliyefuata alikohoa.

«Hii kibodi naandikaka juu yake miaka na miaka,» mama alisema hatimaye. «Kazi utaanza Jumatatu.» Akamvutia kiti karibu. «Lakini mbele ya kutoka, unionyeshe: Z nayo inatoaka nini?»