Sahihi Yangu Ilivyokwenda Darasani Bila Mimi

Watu wengi huota usiku. Mimi jana niliota mchana kweupe, saa saba kasoro, jua likiwa juu ya paa la bweni letu na watu wote wenye akili zao wakiwa kwenye foleni ya wali maharage.

Kabla sijaendelea, mnijue. Naitwa Stumai Shekiango, mwaka wa pili, chumba namba mia mbili na kumi na nne. Chumba chetu kilikuwa stendi. Mwenye shida ya pasi alikuja kwetu, mwenye kutaka kusukwa alikuja kwetu, aliyeachwa na mchumba akakosa pa kulilia alikuja kwetu, na kabla machozi hayajakauka bweni zima lilishajua kaachwa na nani, kwa sababu gani, na kwenye ule ujumbe wa kumwacha mlikuwa na makosa mangapi ya uandishi. Nilikuwa mtangazaji nisiye na mshahara.

Halafu wiki ya tatu ya muhula nikalala. Siwezi kuwasimulia kilichotokea, maana hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha. Niliamka asubuhi moja nikakuta mwili umekuwa gunia la mchanga lililonyeshewa, na hamu ya chakula, ya masomo, hata ya umbea, imekatika. Nikasema nitakwenda kesho. Hiyo kesho ikawa wiki saba.

Mwenzangu wa chumbani, Pendael, akafanya lile ambalo kwetu sisi ndilo upendo: akanisainia. Kila kipindi karatasi ya mahudhurio ikipita, anasaini ya kwake, anabadilisha kalamu, anasaini ya kwangu. Pale kwetu asiyemsainia mwenzake anahesabiwa ana roho mbaya. Kwa hiyo ofisini nilikuwa mwanafunzi mzuri kabisa, na kwa kuwa nilikuwapo kila siku, hakuna aliyekuja kunitafuta.

Alichoshindwa kunifanyia ni jaribio la Takwimu la jana, saa nane mchana. Jaribio linataka sura ya mtu, na asiyelifanya hafanyi mtihani wa mwisho. Basi. Mwaka umekwenda.

Ukutani, juu ya kitanda changu, Pendael alibandika karatasi aliyopewa na mshauri wa wanafunzi. Ina mistari mitatu. Anza na kitu kidogo. Piga hatua moja tu. Usibebe peke yako. Chini imeandikwa: chumba namba tisa, kila Jumatano. Nilikuwa nimeisoma mpaka naiona hata nikifumba macho.

Jana nikayafumba.

Mlango unagongwa. Anayeingia ni sahihi yangu.

Naitambua papo hapo. Ni nyembamba, ya wino wa bluu, imeinamia kulia. Mbele ina herufi S kubwa kama kichwa kilichofungwa kilemba, na nyuma ina mkia mrefu uliojikunja, ambao mimi huwa siuandiki. Mkia ule ni wa Pendael. Miguuni imevaa ndala zangu.

"Naomba kitambulisho," inasema. "Nina jaribio saa nane."

"Wewe nani?"

"Stumai Shekiango."

"Stumai ni mimi."

"Una mahudhurio mangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mimi ninayo ishirini na moja," ikasema. "Sikukosa hata siku ile ya mvua."

Ikachukua kitambulisho changu chini ya mto, ikapangusa picha yangu kwa kiganja, ikaniambia, "Haya, pumzika, mwaya." Ilisema bila kejeli. Hapo ndipo iliponiuma.

Nikataka kuinuka. Blanketi langu, lile la kahawia, likaniuliza, "Unakwenda wapi?"

"Nimeibiwa jina."

"Jina si umeliacha nje mwenyewe? Lala. Na hata ukitaka kutoka, sheria ziko ukutani. Soma mstari wa kwanza."

Anza na kitu kidogo. Nikachungulia sakafuni kutafuta kitu kidogo, nikaona kijiko cha chai kimeganda ndani ya kikombe cha uji wa juzi. Nikakinyooshea mkono.

"Hebu, hebu, dada," kijiko kikasema. "Foleni hiyo!"

Kweli palikuwa na foleni. Mbele imesimama pini ya nywele, nyuma yake kifungo cha blauzi, kisha kijiko, soksi moja, na mwisho kabisa ndoo ya kuogea, imejishika kiuno kama mama aliyefika bombani akakuta maji yamekatika.

"Wiki saba tumesimama hapa," ndoo ikasema. "Huyu anatuangalia tu kama sinema."

"Usimseme, naye ana yake," pini ikanitetea.

"Sote tuna yetu! Mimi nina ufa!"

Nikaiokota pini. Nikakiweka kifungo juu ya meza. Nilipokiosha kijiko, kikapiga chafya, kikaomba nikianike dirishani kipate jua, nikakianika. Soksi ikaniuliza mwenzake yuko wapi, nikaiambia sijui, ikasema hata yenyewe haijui, ilikuwa inauliza tu.

Ikabaki ndoo.

"Ndoo, mimi wewe sikuwezi," nikasema. "Wewe ni mkubwa."

Ndoo ikashusha mikono kiunoni. "Nani kakuambia unijaze? Nusu inatosha. Mtu wa kuoga ni mmoja."

Nikaijaza nusu. Nikaoga. Blanketi halikukubali kubaki; lilinishika mabegani, likazidi uzito kwa kunywa maji, likawa linaburuzika nyuma yangu kama shela la bibi harusi asiyetaka kuolewa. Nikafungua mlango wa bafu nitoke koridoni. Koridoni hapakuwapo. Palikuwa na ngazi, na ngazi ile ilikuwa na kidato kimoja.

"Vidato vingine viko wapi?" nikauliza.

"Vinakuja kimoja kimoja," kidato kikasema. "Ukinikanyaga mimi, namwita mwenzangu."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Kuna wakati anachelewa, ana familia."

Nikakanyaga. Ninasubiri. Mguu mmoja uko hewani, blanketi linanivuta nyuma, chini sioni kitu. Kidato cha pili kinatokea kinahema, kinaomba radhi. Nikakanyaga. Cha tatu kikachelewa mpaka nikaanza kulia, nikalia nikiwa nimesimama vilevile na mguu mmoja, kikaja. Sikurudi nyuma. Niliapa kwamba hata kikija cha mwisho siku ya Idi, kitanikuta papo hapo.

Cha mwisho kikanishusha kwenye ukumbi wa mihadhara, ambao jana ulikuwa saluni.

Wanafunzi wote wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, vichwa ndani, daftari mapajani. Dakta Kiluvia, mwalimu wetu wa Takwimu, anapita na kitana, anawachana watu wanne wanne na kutafuta wastani wa mba. Saa ya ukutani inasema saa nane kasoro dakika tatu, na inaisema kwa sauti.

"Dakta, shikamoo. Nimekuja kwa jaribio."

Hakuniona. Nikaketi kwenye kiti kitupu. Jamaa mmoja mnene akaja akanikalia, akafungua daftari, akamlalamikia jirani yake kwamba kiti kina joto.

"Umesaini?" kiti kikaninong'oneza. "Hapa anayesaini ndiye aliyepo. Asiyesaini ni hewa, na hewa inakaliwa."

Nikajitoa chini yake. Mstari wa mbele nikaiona sahihi yangu, kitambulisho changu kifuani. Pembeni yake ameketi Pendael, Pendael mwenyewe wa kweli, na rasta zake nilizomsuka mimi, sasa zimechakaa, hakuna aliyezifumua. Anaiambia sahihi, "Shoga, wiki saba nakusainia, na sijacheka na wewe hata siku moja. Nakusimulia mambo, unanitazama tu. Sijui kama nakusaidia au nakuzika."

Pendael akafuta macho kwa ncha ya daftari.

Jamani, nilipiga kelele. Nikamwita, nikamfinya, nikamvuta rasta. Hewa haifinyi mtu. Nikaigeukia sahihi.

"Toka kwenye kiti changu."

"Nitoke niende wapi?" ikasema. Kwa karibu niliona wino umeanza kufifia kwenye kingo. "Unadhani nafurahi? Kwenye karatasi nimetimia, lakini nimechoka kuwa wewe. Sili, sicheki. Na mbaya zaidi, watu wananiambia mambo. Wananiona ni Stumai, wananimwagia kila kitu. Nina umbea wa wiki saba humu ndani na sina mdomo wa kuutoa. Nitapasuka."

"Umbea gani?"

"Mwingi tu. Mlinzi wa geti amemchumbia mama maandazi."

"Mlinzi yupi?"

"Mwenye kofia."

"Yule! Si mama maandazi aliapa mbele yetu kwamba mwanamume mwingine hamtaki, labda aletwe na mafuriko?"

"Aliapa."

"Ikawaje?"

"Aliweka pete ndani ya andazi."

"Nani aliweka? Mlinzi? Aliingiaje jikoni? Nani akaling'ata?"

Nikajikuta nimechuchumaa, mikono magotini, shingo imenyooka. Nilitaka kujua. Niwaambie ukweli, tangu wiki ya tatu nilikuwa sijataka kitu chochote, na sasa nataka kitu, nakitaka kwa nguvu, nakitaka mpaka masikio yanawasha.

"Mengine anasimuliwa aliyepo," ikasema sahihi yangu, ikanipa kalamu.

Karatasi ya mahudhurio ikaja mbele yangu, pana kama shuka. Nikashika kalamu. Mkono haukukumbuka. Nikaandika S, ikatoka kama ndoano. Saa ya ukutani ikasema, "Saa nane kasoro dakika moja, na mimi huwa sisubiri." Nikaikandamiza kalamu mpaka kidole gumba kikauma, nikaandika herufi moja, nikasubiri inayofuata ije, ikaja inahema. Nikaandika nyingine. Jina likatoka fupi, limepinda, halina mkia.

Dakta Kiluvia akaiinua karatasi.

"Hii ni mbaya," akasema.

"Ni yangu, Dakta."

"Naona. Marahaba. Keti."

Sahihi ya bluu ikavua ndala, ikanikabidhi kitambulisho, ikajikunja kuanzia kwenye mkia, ikaingia kwenye kalamu ya Pendael. Na Pendael akanitazama. Akanitazama mimi.

"We Stumai! Mbona umeburuza blanketi darasani?"

"Limekataa kubaki."

"Zito?"

"Zito."

Hakuniambia nilitupe, wala nijikaze. Akashika pembe moja akaiweka begani kwake. Halikuondoka, sitawadanganya. Lakini blanketi lina pembe nne, na mimi nilibakiwa na tatu.

Karatasi za jaribio zikagawiwa. Maswali ishirini. Nilijua matatu. La dogo kuliko yote lilikuwa la kumi na saba, limesimama peke yake chini ya ukurasa, nami nikaanza na hilo. Nikaandika jibu. Mashine zote za nywele zikalia kwa pamoja.

Ilikuwa simu yangu. Saa saba na robo.

Nipo kitandani, blanketi la kahawia kifuani. Mlango ukafunguliwa na Pendael akaingia mbio, sahani ya wali mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kuvua viatu. Alikuwa amejiandaa na maneno, nilimwona.

"Stumai, mdogo wangu, sikiliza. Leo siwezi kukusainia. Leo ni wewe. Nimekaa foleni nzima nikiwaza nikuambie nini uinuke, nikakosa. Kwa hiyo nakuletea umbea. Ukiinuka nakupa wote. Yule mlinzi wa geti..."

"Mwenye kofia," nikasema. "Amemchumbia mama maandazi. Pete ilikuwa ndani ya andazi."

Pendael akabaki na kijiko cha wali hewani.

"Nani kakuambia?"

"Si limejulikana?"

"Limejulikana wapi, wewe? Nimetoka kuliona sasa hivi kwa macho yangu! Mama wa watu bado analia pale mgahawani, andazi liko mkononi, hata hajajibu! Dakika tano hazijapita. Nani alipanda huku?"

Nilikuwa naangalia dirishani. Kijiko changu cha chai kilikuwa kimelala pale juani, kimeoshwa, kinang'aa, na kwenye ncha yake tone moja la maji lilikuwa bado halijaamua kudondoka.

Nikaweka mguu mmoja sakafuni. Nikausubiri wa pili. Ukaja.

"Pendael, shika hapa," nikasema, nikampa pembe ya blanketi, akalivuta likatoka. "Jumatano utanisindikiza chumba namba tisa. Na kuanzia leo usinisainie tena, hata nikikuomba kwa machozi."

"Sawa," akasema, akilikunja blanketi. "Sasa hivi unataka nini? Niambie chochote."

"Nipe ndoo. Nusu inatosha. Halafu unisimulie, aliingiaje jikoni?"