Mlango wa Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi wanawake wa kikundi walikutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wakabanana kwenye mabenchi, na afisa mikopo akafungua mkoba wake. Sheria walishaizoea: hatoki mtu mpaka rejesho la kikundi litimie. Likipungua, mlango haupo. Pale penye komeo panakuwa na ukuta mtupu, umepakwa rangi vizuri tu. Hela zikiongezeka mezani, mlango unarudi kidogo kidogo, kuanzia sakafuni kwenda juu.

Siku hiyo fundi cherehani alifika roho ikiwa juu. Mwanawe mchanga alikuwa amekesha na homa, na alikuwa amemwacha nyumbani kwa mdogo wake wa kike. Rejesho lake lilikuwa mkononi. Hela ya dawa aliifunga kwenye fundo la kitenge. Alipanga alipe, apitie duka la dawa, akanyonyeshe.

Aliyepungukiwa alikuwa msusi. Alikopa afungue saluni, lakini mkopo ulipotoka mumewe alikuwa amelazwa, na hela yote ikaishia hospitali. Kikundi kizima kilijua kwamba mumewe anaumwa hata kabla ya kumdhamini. Ila walikuwa wanne, na wakopeshaji walitaka watano. Fundi ndiye aliyemfuata kwake kumbembeleza kwamba aje tu, wao wanatafuta idadi. Rejesho la kwanza likadaiwa wiki iliyofuata, hata kiti cha saluni hakijanunuliwa.

Wenzake walipokwisha kulipa, msusi alimwaga sarafu zake mezani. Mlango ukatokeza, kimo cha ndoo.

"Hapo anapita paka," mwenyekiti alisema, "na paka hadaiwi."

Wakacheka kidogo, kisha wakaanza kujipekua. Mwenyekiti akatoa nauli, muuza mboga akatoa mtaji wa kesho yake. Mlango ukafika magotini, ukagoma, na bila komeo haukufunguka.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliwaeleza kwamba mwezi uliopita pengo la kikundi kingine lilikatwa kwenye mshahara wake, na yeye pia ana mama anayemtegemea. Akawaomba radhi, akatoka kwenda kunywa chai kupitia mlango wa wafanyakazi, ambao haukuwahi kupotea, akaufunga kwa nje.

Jua lilipanda. Maziwa yakalowesha blauzi ya fundi. Ndipo sauti ya mdogo wake ikasikika nje ya ukuta, na nyuma yake kilio chembamba cha mtoto.

"Dada, mtoto analegea huyu. Dawa umepata?"

"Nakuja nayo."

Kilio kikapungua, na kupungua kwake kulimtisha fundi kuliko kilio chenyewe. Akaanza kufungua fundo.

"Hiyo usiitoe, mwenzangu," mwenyekiti alimwambia.

"Nikikaa nayo humu ndani itamtibu nani?"

Msusi aliahidi kumrudishia. Fundi akaitikia kwamba anajua, na wote wawili wakatazama sakafu.

Mlango ukapanda hadi kiunoni, komeo likatokeza. Fundi akatoka wa kwanza, kwa kutambaa, magoti yakachubuka. Alimchukua mwanawe, akaenda naye moja kwa moja duka la dawa. Muuzaji alimgusa mtoto paji la uso, akasema kweli huyu anaungua, halafu akasema dawa hazikopeshwi. Fundi alimnyonyesha pale pale kwenye ngazi za duka. Mtoto alivuta mara chache, akaacha.

Alizikwa Jumatano.

Wiki hiyo wenzake walikuja na rambirambi, na chini ya rambirambi wakaleta magauni. Walitaka washonewe viraka vinene sehemu ya magoti, maana kutambaa kwenye saruji kunaumiza. Fundi alishona. Kazi ilikuwa nyingi, na hela yake ndiyo aliyolipia rejesho Jumatatu. Afisa alimpa pole kwa mikono miwili, kisha akahesabu. Hakuna kilichopunguzwa.

Msusi alipungukiwa tena. Walichanga, mlango ukafika kiunoni, wakaona panatosha. Wakapiga magoti, wakaanza kutoka mmoja mmoja, na viraka havikuachia. Walipomwita fundi atangulie, aliwaambia waende tu. Alibaki kwenye benchi, akiwa ameshika kitenge chake, mpaka ukumbi ukawa mtupu. Hakuwa na wa kumwahi.