Mawe kwenye Wali

Kuolewa na mtoto wa mwandishi si kazi. Kazi ni uwe mwandishi mwenyewe, halafu mama mkwe wako awe ndiye yule ambaye vitabu vyake umevisoma mpaka majalada yakabanduka. Mke wa Kitindamimba alikuwa na bahati hiyo, au balaa hilo. Miaka yote aliandika kwa kujificha, na kila aliposikia kandambili za mkwewe zikija alisukuma karatasi chini ya mto.

Jumamosi hiyo maji yalimfika shingoni. Mchapishaji alitaka mswada Jumatatu, na yeye alikuwa ameshaapa: Mama akiusikia na kuona haufai, basi, kalamu ataitupa na hataigusa tena. Akajikaza, akaingia jikoni na kurasa zake, nakala hiyo hiyo moja ya mkono. Mama alikuwa ameketi na sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Mama, nina hadithi yangu hapa."

"Nilikuwa najiuliza utaificha mpaka lini," Mama akasema bila kuinua macho. "Soma. Ila uniwie radhi, mimi sisemi neno juu ya kazi ya mtu kabla sijala. Nikiwa na njaa hakuna kitabu kizuri duniani."

Akasoma. Jicho moja lilikuwa kwenye karatasi, jingine kwenye vidole vya Mama. Ugomvi wa ndugu wawili ulipita, vidole vikaendelea kuokota kokoto. Harusi ikapita, vidole vilevile, pumba huku, kokoto kule. Akafika kwa mjane ambaye kila asubuhi huvigeuza viatu vya marehemu mumewe vielekee mlangoni, maana mume alikuwa mchelewaji wa kazini. Hapo vidole vikasimama. Mama akatazama ukuta, na kurasa tatu nzima hakuokota hata kijiwe.

Lo, nimemchosha mama wa watu, mke wa Kitindamimba akawaza. Nimemchosha mpaka mchele umemshinda.

Hadithi ilipokwisha Mama aliinuka, akaumimina mchele kwenye sufuria. "Tutaongea mezani," akasema, akaenda kuoga. Aliyebaki alikuwa na jiko la kuwasha na uchungu wa kumtosha. Akazichomoa kurasa za mjane, akazikunja, akaziwasha chini ya mkaa. Hasira hasara, tumeambiwa tangu utotoni, lakini nani hukumbuka methali akiwa na kiberiti mkononi?

Mezani, baba mkwe, fundi saa mstaafu, alitia kijiko kinywani. Kakara! Akatoa jiwe. Kijiko cha pili, jiwe jingine. Badala ya kukasirika akaanza kutabasamu, akamgeukia mkewe.

"Leo umesomewa nini wewe?"

"Kwa nini, Baba?" akauliza mkwewe.

"Mwanangu, wali wa huyu hauna mawe kamwe, isipokuwa akutane na maandishi yaliyomshika. Ona." Akafunua mdomo kuonyesha pengo. "Hili ni la hadithi ya rafiki yake mmoja. Rafiki alipata tuzo, mimi nikapata hili."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya, nimekula, sasa nasema. Ule ugomvi umeueleza mno, msomaji naye ana akili zake. Kwenye harusi unayapenda maneno yako kuliko unavyowapenda maharusi, kwa hiyo yapunguze. Lakini yule mjane! Mwanangu, nimeandika tangu ujana wangu nikimtafuta mjane kama yule, sikumpata. Nimekuonea wivu, na nimefurahi kukuonea wivu. Hebu nisomee tena."

Mke wa Kitindamimba alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimewashia jiko, Mama. Nilidhani umechoka. Vidole vilisimama."

Baba mkwe akauangalia wali wake.

"Na mimi na miiko yangu ya kula kwanza," Mama akasema taratibu. "Lete karatasi." Akafumba macho, akaanza kukumbuka. "Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, aliviweka viatu vya mumewe..."

"Hakuviweka, Mama. Aliviweka mume mwenyewe, jioni ile ya mwisho. Mjane anavigeuza tu."

"Ehee. Kisha?"

"Kisha anavifuta vumbi, anaanza na cha kushoto, maana ndicho kilichokuwa kikimbana..."

"Usinisimulie mimi. Andika."

Akaandika, pale pale, kati ya mabakuli. Yote yalikuwapo, na mengine yalikuja bora kuliko yale yaliyoungua. Mama akausogeza wali wa mkwewe uliokuwa ukipoa, akaanza kumtolea mawe huku akichungulia karatasi. Akatoa moja, akatoa la pili.

Kisha vidole vikasimama. Safari hii mke wa Kitindamimba alijua maana yake, akaendelea kuandika.